Mzazi, Waijua Shule ya Mwanao? Mafunzo Kutoka Bukoba na Muleba

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ndugu msomaji, leo nataka nikuchukue safari ya mbali kidogo, mbali na minazi yetu na mawimbi ya bahari yetu, mpaka upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Huko kuna wilaya za Bukoba na Muleba katika mkoa wa Kagera, nchi ya vilima na migomba, ambako mvua hainyeshi kwa msimu mmoja na kusahau mwingine kama kwetu. Kule mtu hupanda migomba yake, na katikati ya migomba hupanda mibuni, na nyumba yake huwa imo humo humo ndani ya shamba. Ukipita barabarani huioni nyumba wala mwenyewe. Utakachokiona kwa urahisi, mara nyingi juu ya kilima, ni kanisa na shule.

Huenda ukauliza, "Shekhe, sisi watu wa Mombasa, wa Tanga, wa Unguja na wa Lamu, shule ndogo ya kijijini Muleba yatuhusu nini?" Nakuomba unistahimilie. Yatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza, babu zetu walifika nchi zile zamani kabla ya padri yeyote, na yale waliyoyafanya na wasiyoyafanya yameacha athari mpaka leo. La pili, kosa lililofanyika kule twalifanya hapa hapa pwani, ila sisi hatulioni kwa kuwa tumelizoea.

WAZEE WETU WALIPITA NJIA ILE

Katika karne ya kumi na tisa, misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo ikaenda Tabora, na kutoka Tabora njia moja ilielekea kaskazini mpaka Karagwe na kuendelea mpaka Buganda. Katika Karagwe, mahali paitwapo Kafuro, palikuwa na kituo cha wafanya biashara wa Kiarabu na Waswahili. Mmoja wao alikuwa Ahmed bin Ibrahim, ambaye wanahistoria wanasema kuwa mwaka 1844 alifika katika baraza la Kabaka Suna wa Buganda, na alipoona watu wakiuawa ovyo alithubutu kumwambia mfalme yule kuwa watu hao wameumbwa na Mwenyezi Mungu kama alivyoumbwa yeye. Maneno hayo kuyasema mbele ya mfalme mwenye upanga si jambo dogo.

Mzungu Speke alipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, alikuta nguo, shanga na habari za pwani zimekwisha mtangulia. Basi hapana shaka kuwa jina la Mwenyezi Mungu lilitamkwa katika nchi zile miaka mingi kabla ya kengele ya kanisa kusikika.

Lakini yafaa tuseme kweli, japokuwa kweli ni chungu. Wazee wetu wale wengi wao walikuwa wafanya biashara. Walikwenda na vitambaa, wakarudi na pembe. Aliyesilimu alisilimu kwa kuwaona wakiswali na kwa kuishi nao, na hiyo ni daawa njema. Ila kusomesha ni kazi inayotaka mtu akae mahali pamoja, na mfanya biashara kazi yake ni kwenda. Dini ilifika, na chuo kikachelewa.

MWAKA 1892

Mwaka 1890 Wajerumani, wakiongozwa na Emin Pasha, walijenga boma Bukoba kando ya ziwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1892, yakatokea mambo mawili katika nchi hii, kila moja upande wake.

La kwanza lilitokea Tanga. Pale ilianzishwa shule isiyokuwa ya kanisa, ambayo baadaye ilichukuliwa na serikali ya Kijerumani. Watoto wa Kiislamu wa pwani waliingia humo, wakajifunza kuandika Kiswahili kwa herufi za Kizungu na hesabu, na kutoka katika shule za namna ile Wajerumani wakapata makarani na maakida wao. Wazazi wa pwani hawakuiogopa sana, kwani haikumtaka mtoto abadili dini.

La pili lilitokea Kashozi, karibu na Bukoba. Mapadri Weupe, waliokimbia vita vya dini vilivyokuwa Buganda, walifika na wafuasi wao wakaweka misheni. Mwaka 1910 wakafuata Walutheri wa misheni ya Bethel. Hawa hawakuwa wapita njia. Walijenga, wakakaa, na kila walipoweka kanisa hata la nyasi, pembeni yake waliweka darasa. Mwalimu wa dini ndiye aliyekuwa mwalimu wa kusoma. Mtoto aliyetaka kujua herufi alizipata pamoja na katekisimu.

Sasa, ndugu msomaji, jiweke katika nafasi ya Mwislamu wa Kihaya wa wakati ule. Anaishi Kiziba, au Kianja, au Ihangiro, ambayo leo ni Muleba. Shule iliyo karibu ni ya misheni. Shule ya serikali iko mbali. Shekhe wa karibu anajua kusomesha Kurani, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, lakini hasomeshi hesabu wala kuandika barua kwa herufi zitumikazo bomani. Afanye nini? Wengine waliwapeleka watoto wao, na baadhi ya watoto wakarudi na majina mengine. Wengine walipoona hivyo wakawaficha watoto wao migombani. Kila mmoja alipoteza kitu. Yule alipoteza dini ya mwanawe, na huyu alipoteza elimu ya mwanawe.

Walipokuja Waingereza mambo yakazidi kukazana. Kuanzia mwaka 1925 serikali ilianza mpango wa kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti yake, yaani mwalimu mwenye cheti, mtaala uliokubaliwa, na ukaguzi. Vyuo vya Kurani havikuwa na vitu hivyo, kwa hiyo havikupata kitu. Hatuwezi kusema ilikuwa bahati mbaya tu, maana wakoloni walijua wanachokifanya. Lakini pia hatuwezi kusema sisi hatukuwa na la kufanya.

WALIOELEWA MAPEMA

Wapo walioelewa. Mwaka 1924 makarani na wafanya biashara wa Bukoba waliunda chama chao, Bukoba Bahaya Union, kwa ajili ya maendeleo ya nchi yao. Miongoni mwa waasisi wake walikuwa Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki. Yatazame majina hayo mawili, msomaji. Mmoja jina lake la Kikristo na mwingine jina lake la Kiislamu, nao walikaa meza moja wakizungumza vipi nchi yao itaendelea.

Na Muleba hiyo hiyo, katika Kamachumu, alitokea Ali Migeyo, Mwislamu aliyesimama na wakulima wa kahawa dhidi ya amri za wakoloni, na baadaye akawa mmoja wa watu wa mbele wa TANU katika sehemu zile. Mtu huyu aliingia katika historia ya taifa, na maisha yake yameandikiwa kitabu. Kwa hiyo asikwambie mtu kuwa Waislamu wa Bukoba walikuwa wamelala. Walikosa shule, na kukosa shule si kukosa akili.

Huku kwetu pwani nako Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa akiwahimiza Waislamu. Mwaka 1932 alianza kutoa gazeti la Al-Islah, akilia na watu wake kuwa wamebaki nyuma katika elimu na wakati hauwangojei. Mwanachuoni mkubwa yule hakuona kuwa elimu ya dunia ni adui wa dini. Aliona kuwa ujinga ndio adui wa vyote viwili.

SHULE IKAWA YA WOTE

Baada ya uhuru mambo yalibadilika. Kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, serikali ya Tanzania ilizichukua shule za misheni, ikawa mtoto wa dini yoyote ana haki ya kuingia bila ya kuulizwa kanisa lake. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa. Mwezi wa Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, iliamuliwa kuwa watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameingia shule ifikapo mwaka 1977. Na sheria ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumpeleka mwanawe, na asiyempeleka ashitakiwe.

Hapo ndipo zilipochipuka shule ndogo ndogo za vijijini ambazo ndizo maudhui yetu. Wanakijiji walifyatua matofali wenyewe, wakabeba mawe na mchanga vichwani, wakaezeka. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi katika nchi nzima ilikuwa zaidi kidogo ya milioni moja mwaka 1974, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikapita milioni tatu. Walimu wa kutosha watapatikana wapi kwa ghafla namna hiyo? Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakawa wanafundisha na huku wanafundishwa. Watu kwa mzaha wakaigeuza ile U.P.E. wakaiita "Ualimu Pasipo Elimu." Mzaha ule haukuwa wa haki. Wengi wa vijana wale ndio waliomtia kalamu mkononi mtoto ambaye babu yake hajapata kuishika.

Basi mlango ulifunguliwa. Shule ikawa ya wote, na kwenye ratiba kikawekwa kipindi cha dini, kila dini ilete mwalimu wake. Sasa nitakueleza sisi tulifanya nini na mlango ule ulipofunguka, na hapa sitamsema mtu mwingine. Nitajisema mwenyewe.

KOSA LANGU

Mwaka 1985, nikiwa kijana niliyetoka chuoni karibuni, walimu wangu walinituma nikasomeshe Kurani katika kijiji kimoja cha Muleba, si mbali na ziwa. Nilivuka kwa meli kutoka Mwanza, usiku kucha, na asubuhi nikaiona Bukoba imelala chini ya kilima chake. Kijijini walinipokea kwa heshima kubwa. Walinipa chumba, ndizi, samaki na maharage, na watoto kiasi cha ishirini wa kuwasomesha alasiri.

Shule ya msingi ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka msikitini. Madarasa manne, sakafu ya udongo, kengele yake ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Ilikuwa jirani na kanisa, kwani zamani ilikuwa ya misheni. Nilipita mbele yake kila siku kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na sikuingia hata siku moja.

Siku moja alinijia mzee mmoja mkulima wa kahawa, Mwislamu mcha Mungu. Akaniambia, "Maalim, mwanangu yuko darasa la pili. Jana amerudi anaimba wimbo wa kanisa. Nauliza, nimtoe?"

Sikumwuliza wimbo ule kaupata wapi. Sikumwambia, "Ngoja kwanza niende nikamwone mwalimu mkuu." Nilimjibu pale pale, "Mtoe, mzee wangu. Dini kwanza." Naye akamtoa, kwa kuwa mimi ndiye shekhe wa kijiji na neno langu kwake lilikuwa kama fatwa. Sheria ilikuwapo, lakini kijiji kilikuwa mbali na mzee aliheshimiwa, hakuna aliyemfuata.

Yule kijana alikuja kwangu asubuhi na alasiri. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, sauti yake nzuri. Nilipoondoka nilijiona nimeokoa roho moja.

Miaka ikapita. Tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idi ya Hija, likapita tetemeko kubwa la ardhi Kagera. Watu wasiopungua 16 walifariki, nyumba nyingi zilianguka, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikabomoka vibaya. Ilikuwa Jumamosi alasiri, na kama ingekuwa asubuhi ya siku ya shule, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye tungesoma nini magazetini. Mwaka uliofuata nilifuatana na ndugu waliopeleka michango ya Waislamu, nami nikaomba nipelekwe kijijini kwangu kwa zamani.

Yule kijana nilimkuta ni mtu mzima, mvuvi, mwenye mvi. Alinikumbatia, na jioni akatusomea Surat Yasin kwa sauti ambayo ilitutoa machozi. Kisha akanivuta kando, akatoa karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, akaniomba nimsomee. Ilikuwa karatasi ya kibanja alichoachiwa na baba yake. Alikuwa ameweka dole gumba akidhani ni hati ya kumkodishia mtu sehemu ya shamba kwa misimu miwili. Karatasi ilisema ameuza.

Nilisoma mara mbili, nikatamani macho yangu yawe yamekosea. Mtu yule anasoma herufi za Kurani kama maji yanavyoteremka, lakini herufi zilizoandikiwa hati ile, ambazo ni za lugha yake ya kila siku, hakuzijua. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyemwambia marehemu baba yako akutoe shule." Akanyamaza kidogo, akasema, "Najua, Maalim. Sikulaumu. Wewe ulinipa Kurani."

Wallahi, kama angenilaumu ingekuwa nafuu.

KIPINDI KILICHOKUWA KITUPU

Kesho yake nilikwenda katika shule ile, miaka thelathini na zaidi baada ya kuipita. Mwalimu mkuu alikuwa Mlutheri, mtu wa makamo, akanikaribisha kiti. Nilimwuliza juu ya dini za wanafunzi wake. Akanionyesha ratiba ukutani, akasema, "Shekhe, kipindi chenu kipo tangu mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi hapa. Padri alikuwa anakuja, mchungaji alikuwa anakuja. Watoto wenu walikuwa wanakaa nje chini ya mti, na wengine wakichoka na jua wanaingia ndani kusikiliza nyimbo. Amekuja kijana wenu mmoja juzi juzi tu, sasa wana mwalimu."

Basi ule wimbo wa kanisa nikaujua ulikotoka. Haukutoka kwa mwalimu mwenye hila. Ulitoka katika saa moja ya wiki ambayo ilikuwa yangu, na mimi sikuiendea.

Wanahistoria wa sira wanatusimulia kuwa baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, baadhi ya mateka wa Makka hawakuwa na mali ya kujikomboa, lakini walijua kuandika. Mtume (S.A.W.) aliwakubalia wajikomboe kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Fikiri, ndugu msomaji. Walimu wale walikuwa washirikina, tena waliokuja na panga kuwaua Waislamu. Mtume hakuogopa kuwa alifu na be zitawatoa watoto katika dini, kwani watoto wale walikuwa mikononi mwa wazazi wao na yeye mwenyewe alikuwa akiwaangalia. Inasimuliwa kuwa mmoja wa waliojifunza kwa njia ile ni Zaid bin Thabit, naye ndiye aliyepewa kazi ya kuikusanya Kurani katika ukhalifa wa Sayyidna Abubakar. Kalamu ya mateka iliishia kuandika Msahafu.

Tofauti ya Madina na kijiji changu iko wapi? Madina mzazi na kiongozi walikuwapo. Mimi sikuwapo.

MZAZI AJUE NINI

Sasa tuje kwako wewe uliyeko pwani, kwani yasije yakawa ni mazungumzo ya kuwahurumia watu wa bara. Ni wangapi wetu wanaoijua shule ya watoto wao? Baba anajua bei ya pweza na jina la mchezaji mpira wa Ulaya, lakini mwulize jina la mwalimu wa darasa wa mwanawe. Mama anajua harusi tatu za mwezi ujao, lakini mwulize mtoto amekosa shule siku ngapi mwezi uliopita.

Yapo mambo ambayo mzazi yampasa ayajue, hata kama hakusoma.

Kwanza, ajue mahudhurio. Kila shule ina daftari ambalo kila asubuhi huandikwa nani yupo na nani hayupo. Mzazi ana haki ya kuuliza habari ya mwanawe katika daftari hilo. Watoto wengi hutoka nyumbani na yunifomu na wasifike shuleni.

Pili, ajue kuwa shule ina kamati, na ndani ya kamati wamo wazazi. Kamati ndiyo inayozungumza juu ya majengo, vyoo, maji na matumizi ya fedha. Mkutano wa wazazi ukiitwa, ukaenda mama mmoja na wazee wawili, msilalamike baadaye kuwa mambo yameamuliwa bila ya nyinyi.

Tatu, ajue habari za fedha. Kule Tanzania ada ya shule ya msingi ilirudishwa katika miaka ya 1980, ikafutwa tena mwaka 2001, na Januari 2016 ada ikafutwa mpaka kidato cha nne. Katika mpango huo wa mwaka 2016 serikali iliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. Mzazi aseme mwenyewe, shilingi hizo zatosha chaki, karatasi za mitihani, na kuziba bati lililotoboka? Kufutwa kwa ada hakukufuta daftari, kalamu, viatu wala chakula cha mchana. Mtoto anayetembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, hajala kitu, hata akiwa na akili ya Imam Shafii hatamsikia mwalimu.

Nne, ajue masomo yanabadilika. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Tanzania ilizindua sera ya elimu ambayo kwayo elimu ya lazima ni miaka kumi, shule ya msingi ikiwa miaka sita badala ya saba. Mzazi asiyefuatilia atashangaa mwanawe amemaliza, na yeye akidhani bado.

Tano, ajue kipindi cha dini. Aulize, kipo siku gani? Nani anafundisha? Kama hakuna mwalimu, hilo si kosa la mwalimu mkuu peke yake. Aende kwa shekhe wa mtaa wake amwambie, "Shekhe, kipindi chetu ni kitupu." Na shekhe akitoa udhuru, amsomee makala haya.

Sita, amjue mtoto asiye na wa kumwulizia. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walikogunduliwa, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijiji vya Bukoba na Muleba vilijaa mayatima waliolelewa na bibi zao. Bibi kizee mwenye wajukuu watano ataweza vipi kwenda mkutano wa shule? Walimu wa shule zile ndogo ndio waliokuwa wakijua nani kalala na njaa. Sisi ambao dini yetu imetuusia yatima kwa usia mzito, yatupasa katika kila shule tuulize, yatima ni wangapi, na nani anasimama mahali pa baba zao?

YULE MVUVI

Nimalizie kwa yule mwanafunzi wangu. Habari ya kibanja iliendeshwa kwenye baraza la kata, na ikaishia kwa yeye kurudishiwa nusu. Nusu nyingine imekwenda.

Ana binti, ambaye nilipofika alikuwa darasa la sita katika shule ile ile ambayo baba yake alitolewa. Alasiri huenda chuoni. Baba yake aliniambia kuwa kila mwisho wa mwezi, akitoka ziwani, huoga, huvaa kanzu yake, huenda shuleni kumwomba mwalimu amsomee majina katika daftari la mahudhurio. Hajui kusoma, lakini akisikia jina la binti yake limetajwa kuwa alikuwapo siku zote, hushukuru na kurudi nyumbani. Walimu wamekwisha mzoea. Mwalimu mkuu alinambia kuwa wazazi waliosoma hawaji kama ajavyo yeye.

Na jioni ile niliyokuwa kwake, binti alikaa kwenye mkeka akafungua kitabu cha shule, akamsomea baba yake kurasa mbili, kisha akafunga, akachukua juzuu, na baba yake akamsikiliza na kumsahihisha. Herufi moja mtoto akiifundisha, herufi moja baba akiifundisha. Nilitazama nikasema moyoni, hili ndilo nililotakiwa kulitengeneza mwaka 1985, na Mwenyezi Mungu amelitengeneza bila ya mimi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Bukoba ulianza pale dini ilipofika na chuo kikachelewa, ukaongezeka pale misheni ilipojenga na sisi tukanung'unika, na mimi nikauongeza kwa neno moja nililolisema bila ya kufikiri. Ndugu msomaji, kabla ya kumtoa mtoto shule, ingia shuleni wewe. Kabla ya kumlaumu mwalimu, mwulize. Na kama wewe ni shekhe au maalim kama mimi, kumbuka kuwa mzee akija kukuuliza habari ya mwanawe, jibu lako litaishi miaka mingi baada ya wewe kulisahau.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyakosea kwa watoto wa wenzetu, uwape watoto wetu elimu yenye manufaa, na utujaalie sisi wazazi tuwe macho. Amin.